Bangili ya Mama Mkwe na Kichocheo Namba 42

Jumatatu, 3 Machi

Kichocheo namba 41 kimekufa. Saa nne asubuhi, mbele ya macho yangu, bila hata kukohoa. Nimekilisha hewa ukaa. Nimekilisha haidrojeni. Nimekipasha moto hadi nyuzi mia mbili na hamsini, nikakisubiri kama bwana harusi anavyosubiri gari la bibi harusi. Mashine ya kupimia ikachora mstari ulionyooka. Hakuna kilima. Hakuna hata kichuguu.

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa mtu mashuhuri: kazi yangu ni kutafuta metali itakayoigeuza hewa ukaa, hii inayotoka kwenye mabomba ya magari na puani mwetu, iwe methanoli, kitu cha kuendeshea injini. Hewa ukaa haitaki. Ni hewa mvivu, imeridhika na maisha yake. Ndipo kinapohitajika kichocheo. Kichocheo ni kama mshenga: anakwenda kwa huyu, anakwenda kwa yule, wasiotakana wanaoana, naye anabaki vile vile, anakwenda kusumbua wengine. Washenga wangu arobaini na mmoja hawajaozesha hata ndoa moja. Huu ni mwaka wa sita.

Profesa kaniita ofisini. Kasema jopo litakutana Jumatano ya tarehe 19. Nikija na matokeo, naendelea na shahada yangu ya uzamivu. Nikija mikono mitupu, jalada linafungwa, napewa cheti cha kushiriki. Nikauliza kama kweli kuna cheti cha kushiriki. Kasema hakuna, alikuwa ananionea huruma.

Nimetoka kichwa juu. Nimemwambia mke wangu: asiyekubali kushindwa si mshindani! Kasema methali hiyo maana yake ni kinyume na ninavyodhani. Mwalimu wa shule ya msingi, lazima asahihishe kitu.

Jumanne, 4 Machi

Nyumbani hakukaliki. Mama mkwe yuko kwetu wiki ya pili sasa, kaja kutibiwa goti. Asubuhi, mchana na jioni anajipaka dawa ya kuchua. Goti, kifundo cha mkono, shingo, na kwa kuwa chupa ni kubwa, hata kiti. Siku tatu za mwanzo nilipiga chafya mpaka mbavu zikauma. Siku hizi sisikii harufu yoyote. Pua imeamua yaishe.

Shida kubwa ni nyingine. Mama mkwe anaamini mimi ni daktari. Si kosa langu. Mke wangu aliutangazia ukoo mzima kwamba kaolewa na daktari, nikiwa mwaka wa pili. Kasema wakati huo ilionekana ni suala la miezi. Matokeo yake mama kafunga safari na kuacha hospitali ya karibu na kwake, kwa sababu ana mkwe daktari.

Leo kanionyesha goti. Ningefanyaje? Nimelitazama kwa makini. Nimeligonga kwa kidole mara mbili. Nimesema "mhm". Kasema ahsante Daktari. Mke wangu alikimbilia jikoni na kurudi na machozi. Kasema ni kitunguu. Hatukuwa na kitunguu.

Maabarani nako hakuna amani. Bi Nadhifu kalishika tanuri hadi wiki ijayo. Ndilo jina nililompa, huyu binti wa mwaka wa pili mwenye koti jeupe lililopigwa pasi. Anabandika lebo mpaka kwenye sanduku la lebo. Nimemwomba tanuri kwa saa chache tu. Kaniambia, kaka, ratiba ipo ukutani. Ratiba kaichapa yeye mwenyewe!

Alhamisi, 6 Machi

Unga wa shaba umekwisha. Fundi Mitungi, mlinzi wa mitungi ya gesi na mwenye funguo za stoo, kasema mwingine utafika Juni. Nikamwambia jopo ni Machi. Kasema niliombe jopo lisogee.

Bi Nadhifu ana chupa nzima ya unga wa shaba. Alipokwenda kunawa mikono nikachota kidogo, ncha ya kijiko. Nani angejua?

Alasiri tangazo ukutani, limechapwa: ALIYECHUKUA GRAMU 0.3 ZA SHABA AZIRUDISHE. Kumbe anaipima chupa kila baada ya kuitumia! Nikangoja atoke, nikarudisha haraka haraka.

Saa kumi tangazo jipya: ALIYERUDISHA GRAMU 0.4 AJE ACHUKUE ZAKE, NA AELEZE HIYO 0.1 NI NINI.

Ilikuwa sukari. Mkono ulitetemeka karibu na kikombe cha chai.

Ijumaa, 7 Machi

Siku njema! Bangili ya mama mkwe ina ukingo mkali, inakwaruza mtandio wake. Kaniomba niulainishe, mimi Daktari, mtu wa vyombo. Akaivua kwa tabu, kwa maji na sabuni. Bangili nene, nyekundu nyekundu, alipewa na bibi yake. Mwaka wa arobaini anaivaa. Anasema inavuta maumivu.

Nikatandaza gazeti mezani. Nikachukua tupa. Nikasugua. Vumbi likaanguka gazetini. Nikalitazama. Likanitazama.

Shaba!

Nikasugua ukingo. Nikasugua pasipo na ukingo. Nikasugua upande wa pili, zilingane. Mama mkwe kasema basi baba, utaimaliza. Nimemrudishia bangili. Nimekunja gazeti kwa heshima zote. Vumbi liko kwenye kichupa cha dawa ya macho, mfuko wa ndani. Si wizi. Ni takataka, na takataka haina mwenyewe.

Lina mafuta mafuta kidogo. Utaratibu unataka lioshwe, kisha lichomwe tanurini nusu siku. Tanuri analo Bi Nadhifu. Nimeamua utaratibu huo ni wa vichocheo vya kawaida.

Jumatatu, 10 Machi

KILIMA!

Nimejaza vumbi, kichocheo namba 42, kwenye bomba la majaribio, nimefungulia gesi, nimewasha moto. Nyuzi mia na tisini tu, kalamu ya mashine ikaanza kupanda. Ikapanda. Ikapanda mpaka ikagonga ukingo wa karatasi na kulia tk, tk, tk. Nimepiga magoti. Fundi Mitungi alidhani nimepigwa na umeme, akazima swichi kuu. Nikamwomba awashe. Kilima bado kilikuwepo.

Bi Nadhifu kaja kuangalia. Kasema, kaka, methanoli hutoka dakika ya tatu, hiki kimetoka dakika ya kumi na nane, kwa hiyo si methanoli. Nikamwambia ndiyo maana nimefurahi! Methanoli kila mtu anaitafuta. Hiki ni kizito zaidi, kikubwa zaidi, hakijawahi kuonekana. Akanusa nusa. Kauliza nani anakula peremende. Nikamwambia wivu nao una harufu yake.

Fundi Mitungi kasema mafua yake ya wiki mbili yamefunguka. Nimeandika daftarini: huenda kuna manufaa ya kiafya.

Nimekipa kitu hiki jina la muda: mkwenoli. Profesa kauliza asili ya jina. Nikasema Kilatini.

Kaitazama karatasi kwa muda mrefu. Kasema tokeo moja si tokeo. Rudia mara tatu.

Jumanne, 11 Machi

Rudio la kwanza: kilima nusu. La pili: kichuguu. La tatu: mstari.

Nimeandika: "kichocheo kimechoka kwa kufanya kazi kupita kiasi." Nakielewa kabisa.

Nimejaribu shaba nyingine. Waya wa Fundi Mitungi. Kipande cha bomba la friji. Mstari, mstari. Basi ni wazi. Siri imo ndani ya bangili. Labda ni umri wake. Labda ni yule bibi. Nahitaji zaidi, na nahitaji ile ile.

Jumatano, 12 Machi

Mpango wa kwanza. Wakati wa chai nikamwambia mama mkwe naona bangili bado ina ncha. Kasema iko laini kama shavu la mtoto. Nikasema jicho la kitaalamu linaona zaidi. Akavaa miwani. Akaizungusha bangili yote, taratibu, mara mbili. Kisha akaniambia kwa upole nikapimwe macho, na kwamba madaktari ndio wasiojali afya zao.

Alhamisi, 13 Machi

Mpango wa pili, na huu ulikuwa wa kipaji. Nimetengeneza bangili bandia kwa lile bomba la friji. Nimeipinda, nimeisugua, nimeing'arisha. Mtu asiyejua hatambui. Ilibaki kumfanya aivue ya kweli ili nibadilishe. Nani anakanda unga na bangili mkononi? Nikasema nimetamani mkate wa nyumbani. Mama mkwe akafurahi, akaingia jikoni. Nikajibanza nyuma ya mlango, bandia mfukoni, kama paka anayengoja panya.

Akakanda na bangili yake mkononi! Kwanza aliipaka dawa, kisha akakanda. Kasema ndivyo alivyofundishwa.

Mke wangu kasema mkate una ladha ya wodi. Nimekula vipande vitatu kwa ajili ya sayansi. Sikusikia ladha yoyote. Kifua chepesi sana.

Maafa yalikuja baadaye. Mke wangu alipekua suruali kabla ya kufua, akaikuta bandia. Kauliza hii bangili ya nani. Hapo mtu hana muda wa kufikiri. Nikasema ya mama yako. Kasema mama anayo. Nikasema ni ya pili, zawadi, nimeitengeneza kwa mikono yangu. Akanitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu harusi. Akanibusu kwenye paji la uso. Akampelekea.

Sasa mama mkwe ana bangili mbili, moja kila mkono. Kanibariki mimi, watoto wangu ambao hawajazaliwa na wajukuu wao. Kasema sasa anatembea sawa, zamani alikuwa anaegemea upande.

Jumapili, 16 Machi

Siku tatu zimebaki. Maji yamezidi unga. Leo nimesema uongo, lakini wa kisayansi.

Nimemwambia mama mkwe chuo kimesikia habari za bangili yake. Wataalamu wanataka kujua kwa nini inavuta maumivu. Wanaomba vumbi kidogo tu walipime.

Akaishika bangili. Kisha akaanza kulia, polepole, akipangusa macho kwa mtandio. Kumbe miaka arobaini watu wanamcheka kwa bangili hii. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa anamcheka. Mawifi zake. Wauguzi wa hospitali. Na leo chuo kikuu kinauliza!

Kuna kitu kilinichoma kifuani. Nadhani ni kiungulia, kwa ule mkate.

Amekubali. Kwa sharti moja: bangili haiendi popote bila yeye.

Jumatatu, 17 Machi

Mama mkwe maabarani! Kaja na mto wa kukalia, chupa ya maji, na chupa ya dawa yake. Fundi Mitungi kampa kiti kizuri kuliko vyote, cha Profesa, karibu na mashine yangu. Kawasalimia wote, hata mitungi.

Kabla ya kuivua bangili aliipaka dawa kwa ukarimu, ili isishtuke. Sikumzuia. Heshima ya mkwe si mchezo. Nikasugua huku akihesabu: moja, mbili, tatu. Kumi, akasema, inatosha.

Kilima kikubwa kuliko cha kwanza! Kalamu ilitoka nje ya karatasi ikachora meza. Mama mkwe akauliza kama hayo ndiyo maumivu yanayotoka. Nikasema kwa namna fulani.

Lakini adui halali. Bi Nadhifu alimletea chai. Akavuta kiti. Wakazungumza saa nzima, goti, kazi, habari za nyumbani, wakicheka kama mtu na shangazi yake. Mara nikaona anamwomba ainuse ile chupa. Akainusa. Akaandika kitu daftarini. Kisha akaniuliza, mbele ya mama, kama nimeshapima bila hewa ukaa, kwa kupitisha agoni peke yake, gesi ambayo haiungani na kitu chochote, ili nione kama kilima kitakuwepo. Nikamwambia mtu havui samaki nchi kavu. Akasema ndiyo, kaka, na ukiwapata nchi kavu ujue kuna aliyewaweka.

Maneno ya watoto. Mama mkwe kauliza binti anasemaje. Nikasema anauliza habari za hewa.

Jumatano, 19 Machi

Nitaandika yote.

Jopo walikuwa watatu: Profesa wangu, mzee mmoja mnene ambaye ndiye mkuu wa jopo, na mtu mwembamba asiyesema. Nyuma walikaa Bi Nadhifu, Fundi Mitungi, mke wangu aliyeomba ruhusa shuleni, na mama mkwe, aliyesema bangili ni yake na hawezi kukosa. Mikono yote miwili ilimeremeta.

Nilieleza vizuri. Nilitoa mfano wa mshenga, mtu mwembamba akatabasamu. Nikafungulia gesi, nikawasha moto. Dakika ya kumi na nane, kalamu ikapanda. Tk, tk, tk. Mkuu wa jopo akainua nyusi. Nikajiona nimevaa joho.

Bi Nadhifu akanyoosha mkono. Akaomba mtungi wa hewa ukaa ufungwe, majaribio yaendelee na agoni tu.

"Funga," Profesa akasema.

"Wote?" nikauliza.

"Bwana, kuna kufunga nusu?"

Nikafunga. Fundi akaweka agoni. Nikatia vumbi jipya, tukangoja. Sijawahi kungoja hivyo, hata siku ya posa. Dakika ya kumi na saba. Ya kumi na nane. Kalamu ikapanda. Tk, tk, tk. Kilima kile kile.

Profesa akautazama mtungi uliofungwa.

"Waheshimiwa," nikasema, "huu ni ushahidi wa nguvu ya kichocheo changu. Kinafanya kazi hata bila malighafi."

Mtu mwembamba akafunika uso kwa karatasi. Mabega yake yakawa yanatikisika. Mkuu wa jopo aliinua pua hewani, akaizungusha.

"Harufu hii naijua," akasema. "Mke wangu hunipaka mgongoni."

"Ni hii, baba," mama mkwe akajibu kutoka nyuma, akainua chupa. "Naipaka bangili kila asubuhi. Miaka arobaini sijaacha."

Profesa akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena, na bado nilikuwepo.

"Kwa hiyo, bwana, kitu kipya ulichogundua ni dawa ya kuchua ya mama mkwe wako. Ukiipasha moto, inatoka."

"Lakini inatoka vizuri sana," nikasema.

"Mwanafunzi huyu," mkuu wa jopo akaanza.

"Mwanafunzi?" Mama mkwe akasimama, goti na yote. "Huyu ni daktari."

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Mke wangu alitazama viatu vyake. Profesa alinitazama mimi. Mama mkwe akamtazama kila mmoja wetu kwa zamu, akimaliza na mimi.

"Bado, mama," nikasema. "Bado kidogo."

Aliketi, akaweka chupa mapajani, akaishika kwa mikono miwili.

Aliyeniokoa, na nachukia kuandika haya, ni Bi Nadhifu. Alisimama akasema kwa haki, metali yenyewe haijapimwa bado. Kilichopimwa ni manukato yake. Vumbi la bangili lioshwe, lichomwe tanurini, ndipo lipimwe. Mtu mwembamba akafungua mdomo kwa mara ya kwanza, akasema hiyo ndiyo hoja ya kwanza ya kisayansi aliyoisikia tangu asubuhi.

Mkuu wa jopo aliomba mapumziko mafupi. Nikamwona akinong'ona na mama mkwe, akapokea matone kiganjani, akaenda nyuma ya mitungi. Aliporudi alikuwa amenyooka kama mlingoti. Uamuzi: nimepewa miezi sita. Sharti: Bi Nadhifu ndiye atakayeosha, ndiye atakayepima. Mimi nisiguse.

Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi mama mkwe kaniita sebuleni. Mke wangu alikuwa ameshakwenda kazini. Nilikaa ukingoni mwa kiti kama mtoto aliyevunja chungu.

Nikaanza kueleza kuhusu udaktari. Akanikatiza.

"Hilo nililijua tangu siku ya kwanza. Nilikuonyesha goti bovu, ukaligonga lile zima."

Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kuniita Daktari.

"Mtu humwita mtoto kwa jina la kule anakokwenda, ili apate nguvu ya kutembea. Lakini wewe, mwanangu, ukisukumwa mbele unakwenda ubavu."

Alikuwa anaizungusha bangili mkononi, ile ya kweli.

"Kilichoniuma ni kingine. Uliniambia wanataka kujua kwa nini inanisaidia. Nilifurahi mpaka nikampigia dada yangu. Sasa nimwambie nini?"

Kile kitu cha kifuani kikanirudia, na mkate ulikwisha siku nyingi. Nikapiga magoti nikaomba radhi. Niliomba kweli, bila mpango wowote ndani yake. Akaniacha pale kwa muda, sijui dakika ngapi. Kisha akasema nyanyuka, magoti ni ya kutunza.

Akaivua bangili. Nikanyoosha mkono. Akaniambia ondoa mkono wako, anampelekea yule binti.

Jumatatu, 24 Machi

Bi Nadhifu kaliosha vumbi la bangili kwa dawa tatu tofauti. Kalichoma tanurini, jina lake likiwa kwenye ratiba. Kalipima kwa agoni: mstari. Kalipima kwa hewa ukaa na haidrojeni: kilima. Dakika ya tatu.

Dakika ya TATU. Methanoli!

Kilima kidogo, cha heshima, chembamba kama kidole. Karudia mara tatu, vyote vitatu vinafanana. Kumbe bangili ya bibi ina zinki iliyochanganyika na shaba, na kitu kingine kidogo ambacho hawajakijua bado. Profesa kaja mbio. Kampa mkono Bi Nadhifu. Kisha akanipa mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa nimesimama katikati.

Makala itaandikwa. Jina la Bi Nadhifu kwanza. Langu la tatu, baada ya Fundi Mitungi. Mwishoni kutakuwa na shukrani kwa mama mkwe na bibi yake kwa kutoa metali. Bi Nadhifu kampigia mama mwenyewe kumweleza. Kamwambia kweli: kwa nini bangili inatuliza maumivu hawajui, lakini haifanani na shaba yoyote waliyo nayo. Mama mkwe kalia tena. Kampigia dada yake. Wamezungumza mpaka simu ikaisha chaji.

Kabla sijaondoka Bi Nadhifu kaniambia, kaka, kumbuka mambo mawili tu maishani: osha kwanza, na pima bila hewa ukaa. Nimeandika daftarini kwa herufi kubwa. Nimepigia mstari. Mbele yake.

Alhamisi, 27 Machi

Nimetafakari siku tatu. Nimejifunza mengi, na lazima niyaandike yakiwa bado ya moto.

Tazama ushahidi. Vumbi lisilooshwa: kilima cha kugonga ukingo wa karatasi. Vumbi lililooshwa: kilima chembamba kama kidole. Mtoto wa darasa la kwanza angeona. Kuosha ndiko kunakokiua kichocheo! Bi Nadhifu kaipata methanoli, lakini kaipata licha ya kuosha. Nguvu ya metali inatokana na kuguswa. Miaka mingi ya ngozi ya binadamu.

Sasa, ni metali gani katika jengo hili imeguswa kuliko zote? Nimepita vyumba vyote nikikagua. Jibu lilikuwa mbele yangu miaka sita: kitasa cha mlango wa ofisi ya Profesa. Shaba tupu, ya zamani kuliko jengo lenyewe. Vizazi vya wanafunzi vimekishika, kila mmoja viganja vikimtoka jasho la hofu. Jasho la hofu! Ni chumvi hiyo! Nimepitisha kidole. Kinateleza ajabu. Sitakiosha hata kwa bahati mbaya.

Nimeazima bisibisi kwa Fundi Mitungi. Kauliza ya nini. Nikasema ya kazi. Skrubu nne tu, na wala hazikuleta ubishi. Kitasa kiko mfukoni, kizito, cha moto kidogo.

Naandika haya nimekaa kwenye benchi la ukumbini, hatua tatu kutoka mlangoni. Kumbe Profesa yumo ndani. Anausukuma mlango. Anagonga. Nimenyamaza kimya kabisa, sipumui.

Anaita jina langu. Sijui amejuaje.